Naogopa kubaki peke yangu na mwanangu

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika mara nne na kuifuta. Sasa hivi ni saa nane usiku. Mtoto amelala, baba yake amelala, mimi ndiye sijalala, na ndivyo ilivyo kila siku. Naomba usitaje jina langu. Andika tu mzazi wa Mbagala, tuko wengi.

Nina miaka 29 na mtoto wa kike wa wiki 11. Kabla ya huyu, mwaka 2022, nilibeba mimba hadi mwezi wa saba nikajifungua mtoto ambaye hakulia. Walimfunga kwenye khanga yangu mwenyewe wakaenda kumzika, mimi nikiwa bado niko wodini. Sura yake sikuonyeshwa. Niliporudi nyumbani kila aliyekuja alisema neno lilelile, "bado u kijana, utapata mwingine." Nikanyamaza. Mimi ni keshia kwenye duka la jumla. Baada ya muda nikarudi kaunta, na hakuna aliyeniuliza tena.

Mimba hii ya pili nilipoigundua nilifurahi siku moja tu. Sikununua hata soksi za mtoto. Kila alipotulia tumboni nilikunywa maji baridi, nikalalia ubavu, nikahesabu mateke. Kuna usiku nilimwamsha mume wangu mara tatu aweke mkono naye asikie. Kliniki nilimwambia nesi kwamba nina hofu kubwa. Akaniambia, "Hofu ya kila mjamzito hiyo, mama, wewe kula vizuri." Akaandika presha yangu kwenye kadi, akaita anayefuata.

Nikajifungua salama. Mtoto akalia. Ndugu walishangilia, mimi nilikuwa nakodolea macho kifua chake kama kinapanda na kushuka.

Mama yangu mzazi alifariki 2019, kwa hiyo sikuwa na kwetu pa kwenda kujifungulia. Mama mkwe akaja kutoka Muheza. Shangazi, sina baya la kusema juu yake. Alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, alinipikia uji wa pilipili manga na supu ya kuku, na mpaka arobaini inatimia sikushika ndoo.

Jambo lenyewe ambalo sijamwambia mtu ni hili. Mtoto alikuwa na wiki tatu. Nilikuwa nakata kitunguu, yeye amelala mkekani karibu yangu. Ghafla ikaja picha kichwani: kisu hiki, mtoto huyu, na mkono ni wangu. Nilikitupa chini nikatoka nje mwili unatetemeka. Tangu siku ile picha zinakuja zenyewe. Nikimwogesha naona anazama kwenye beseni. Nikishika birika la chai naona limemmwagikia. Nikivuka naye barabara pale kituoni naona nimemwachia. Visu vyote nimevificha nyuma ya gunia la mchele, na mboga nanunua gengeni zikiwa zimeshakatwa. Kumwogesha nimemwachia bibi yake, nasingizia mgongo. Wifi yangu alikuja juzi akasema nadeka, arobaini ilikwisha zamani.

Usiku, hata mtoto akilala saa nne mfululizo, mimi nawasha tochi ya simu kumulika kifua chake. Chakula hakipiti. Nimepungua mpaka pete inazunguka kidoleni. Kuna saa nampenda huyu mtoto mpaka nalia, na kuna saa nampa ziwa kana kwamba nimeazimwa na jirani. Na kuna usiku nimewaza kwamba ningelala nisiamke, wote wangepumzika. Sina mpango wa kufanya lolote, lakini wazo limepita, tena si mara moja.

Sasa mama mkwe anarudi Muheza mwisho wa mwezi kuandaa shamba. Mimi likizo ya uzazi ya siku 84 imekwisha, nimeiunganisha na likizo ya mwaka ya siku 28, zimebaki wiki tatu nirudi kazini. Juzi tukiwa tunakula mama akasema, "Mwanangu, nipe mjukuu wangu niende naye. Nitamlea kwa maziwa ya ng'ombe na uji, nawe utafanya kazi kwa amani." Mume wangu akanitazama, akitegemea nitakataa. Mimi nikasema "sawa, mama," haraka mpaka wote wakashangaa. Wanadhani ni kwa sababu ya kazi. Ukweli ni kwamba naona mtoto atakuwa salama akiwa mbali na mimi.

Mama pia anasema nina upepo, na kwamba huko kwao kuna mzee anayesoma, nikienda kumwona mtoto nipelekwe kwake. Mume wangu ni dereva wa basi, anatoka alfajiri anarudi usiku, mapumziko yake ni Jumatano tu. Ni mtu mpole. Lakini nikifikiria kumwambia kwamba naona picha za kumdhuru mwanaye, naona atambeba mtoto aondoke, na atakuwa na haki. Nikimwambia nesi, ataita ustawi wa jamii.

Nimtoe mtoto? Nimwambie mume wangu? Au ninyamaze ipite, kama nilivyonyamazia ya 2022?

Leo jioni alikuwa analia mikononi mwa bibi yake. Nikasema neno moja tu nikiwa chumbani, akanyamaza, akageuza kichwa kunitafuta. Nilienda kulia chooni.

Mzazi wa Mbagala

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa usiku huo na kwa zote zilizotangulia. Pole pia kwa mtoto wako wa 2022. Wewe unamtaja kama mwanzo wa habari, lakini mimi naona yumo katika barua nzima.

Nilifanya kazi ya ukunga miaka mingi kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha ushauri. Hizo picha unazoona, kisu, beseni, birika, barabara, nimeshazisikia kutoka kwa wanawake wengine, na karibu kila mmoja alinong'ona akidhani ni yeye peke yake duniani. Mawazo ya namna hiyo huwajia wazazi wengi mno wenye mtoto mchanga, akina baba wakiwamo. Kwa wengi hupita kama nzi. Kwa wachache hung'ang'ania, na huwang'ang'ania zaidi wale waliokwisha kuonja msiba au wenye wasiwasi mkubwa.

Nieleze ninavyolielewa jambo hili. Akili ya mzazi huweka mlinzi wa usiku, kazi yake ni kunusa hatari kabla haijafika. Mlinzi wako aliajiriwa 2022, siku uliyojifungua mtoto asiyelia, na tangu hapo hajapewa zamu ya kulala. Alihesabu mateke, alimulika kifua kwa tochi, na alipokosa hatari nje akaanza kuitafuta ndani, mikononi mwako. Anakuuliza, "Je, kama ni wewe?" Ukatupa kisu ukakimbia. Yeye akaelewa kwamba kumbe alikuwa sahihi, hatari ilikuwapo. Kesho yake akapiga kelele zaidi. Kila kisu kilichoingia nyuma ya gunia, na kila siku uliyosingizia mgongo, ilimpa mlinzi huyu sababu ya kuendelea.

Angalia mwenyewe ulichoandika. Picha ilikutetemesha. Ulikitupa kisu. Umeacha kukata mboga, umeacha kuogesha, na sasa uko tayari kukaa mbali na mwanao ili awe salama. Unasikia humo mtu anayetaka kumdhuru mtoto?

Hata hivyo nakuuliza mambo mengine, nawe ujijibu kwa ukweli, maana mimi sikuoni uso. Je, unasikia sauti ambayo wengine hawaisikii, inayokuamuru? Picha hizo zimewahi kuacha kukutisha, ukaanza kuziona kama ni jambo sahihi, au agizo, au njia ya kumwokoa mtoto? Unaamini mtoto amebadilishwa, au ana kitu kibaya ndani yake? Umewahi kukaa siku mbili tatu bila usingizi kabisa, nawe ukajiona una nguvu za ajabu? Hali hiyo ni nyingine. Huwapata wazazi kama mmoja au wawili katika kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya kujifungua, na huo ni ugonjwa wa dharura kama kutokwa damu nyingi. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, usikae na mtoto peke yako, mwamshe mume wako sasa hivi muende hospitali usiku huohuo. Sijaona dalili hizo katika barua yako. Nimeziandika kwa sababu yako na kwa sababu ya msomaji mwingine.

Kuna na ule usiku uliowaza kulala usiamke. Hilo sitalipita. Umeniambia huna mpango, nakuamini, na nashukuru uliliandika. Lakini wazo linalorudi usiku kwa mtu asiyelala wala kula halipaswi kusubiri wiki tatu. Siku likija na namna ya kulitekeleza, siku hiyo usiwe peke yako hata dakika: mwite mama, gonga kwa jirani, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Haya yote yameitwa upepo, kudeka, hofu. Wataalamu wana majina ya sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na wasiwasi uliopitiliza, na mara nyingi viwili hivyo hutembea pamoja. Watu hudhani huanza baada ya kujifungua. Yako ilianza mtoto akiwa tumboni, na ulimwambia nesi, hukupata sikio. Hilo linaniuma kwa sababu nami nilikaa upande ule wa meza. Foleni ndefu, mzani, presha, kadi, anayefuata. Tulimpima mtoto gramu kwa gramu, na mama tukamrudisha nyumbani bila kumuuliza analala vipi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wajawazito 15.6 katika kila 100 hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua hufika 19.8. Ukikaa tena kwenye benchi la kliniki, hesabu akina mama watano. Mmoja wao yuko kama wewe, na amevaa khanga yake vizuri tu.

Sasa Muheza.

Ulisema "sawa, mama" na wote wakashangaa. Mimi najiuliza kama hiyo "sawa" haikuwa kisu kingine nyuma ya gunia, kikubwa kuliko vyote. Kama lengo ni kumnyamazisha mlinzi, je, atanyamaza mtoto akiwa Muheza? Au ataanza kukuuliza kuhusu kisima cha kule, moto wa kuni, malaria, nawe uko kaunta Dar huna hata kifua cha kumulika? Sina jibu. Mtu mwenye jibu ni wewe, na ningependa ujiulize hili ukiwa umeamka vizuri asubuhi, si saa nane usiku.

Sisemi mtoto kukaa kwa bibi ni vibaya. Wengi wetu tumelelewa hivyo, na mama mkwe wako anaonekana mtu wa moyo. Usingizi nao ni dawa, na mtu akikupokea mzigo usiku unaweza kupona haraka zaidi. Lakini yako mambo ya kupima. Maziwa ya ng'ombe hayamfai mtoto wa wiki 11, na uji nao bado. Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama, na yakikosekana ni ya kopo yaliyotengenezwa kwa watoto wachanga, ambayo bei yake unaiona hapo dukani kwenu. Hilo mwambie mama kwa upole, yeye alilea kwa alichokuwa nacho. Maziwa yako yatajaa na kuuma, kisha yatapungua, na wazazi wengine hali yao huzidi kuzama wakati huo. Na utakuwa peke yako katika nyumba ambayo mume anatoka alfajiri.

Kuna njia za katikati ambazo hazikutajwa siku ile mkila. Mama anaweza kuombwa aongeze mwezi mmoja, mume akatuma fedha ya kibarua wa kusafisha shamba. Au mwende Muheza wote wawili, wewe na mtoto, mama akiwa hapohapo. Unaweza kusema, "Lakini kazi?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Sonona ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na cheti hakilazimiki kusomwa na duka zima. Ukirudi kazini ukiwa bado unanyonyesha, sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akupe hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Mbagala ni mbali na kazi nyingi, najua, na saa mbili zinaweza kuishia kwenye foleni ya barabarani. Lakini wapo wanaozitumia kutoka mapema, au kukamua maziwa yakabaki nyumbani.

Njia hizi nazo zina ugumu wake. Mama akikaa zaidi shamba linaweza kupitwa na mvua. Ukienda Muheza utakuwa mbali na mume na mbali na hospitali kubwa. Ndiyo maana nisingependa muamue kabla ya mumeo kujua kitu ambacho unakijua peke yako.

Nimefika kwake. Unaamini ukimwambia atambeba mtoto aondoke. Huenda. Lakini barua yako inanionyesha mtu aliyeamshwa mara tatu usiku mmoja akaweka mkono tumboni mara zote tatu. Inanionyesha mtu aliyekutazama akitegemea utakataa. Sijui aliwaza nini uliposema sawa. Inawezekana ameumia, na yeye naye amenyamaza. Mtoto wa 2022 alikuwa wake pia, na sidhani kama kuna aliyemuuliza.

Namna ya kumwambia ina uzito wake. Ukianza na kisu, atasikia kisu tu. Anza na wewe: "Silali hata mtoto akilala. Sili. Nina hofu kubwa kwamba atapatwa na jambo, mpaka kichwani zinakuja picha zinazonitisha, ndiyo maana nimeacha kumwogesha. Sitaki kumdhuru, naogopa sana. Nataka unisindikize hospitali." Ukishindwa kutamka, mpe karatasi aisome ukiwa umekaa naye. Akishtuka, mpe muda. Akisema ni mapepo, mwonyeshe barua hii na jibu langu. Na kama moyo unakataa kabisa kuanza naye, anza na mama mkwe. Mwanamke aliyekukanda siku 40 ameuona mwili wako wote, na anaweza kushangaa kidogo kuliko unavyodhani. Wanawake wa umri wake wamefiwa na watoto wachanga pia, na nao waliambiwa wanyamaze.

Hospitali nayo ina bahati yake, sitakudanganya. Unaweza kukutana na mtu asiyeelewa akakwambia umshukuru Mungu mtoto ni mzima. Asikurudishe nyumbani huyo. Uliza kitengo cha afya ya akili. Hospitali za rufaa za mkoa, na kwenu ya karibu ni Temeke, ndipo pa kuulizia, na Muhimbili ipo. Watakuuliza maswali. Kuna orodha moja ya maswali 10 iliyotungwa Edinburgh mwaka 1987, inayotumika nchi nyingi, inauliza ulivyojisikia siku 7 zilizopita, na swali la 10 ni lilelile ulilonijibu kuhusu kutaka kujidhuru. Jibu kama ulivyoniandikia mimi. Kuhusu ustawi wa jamii, mhudumu aliyefundishwa anajua kutofautisha mama anayeogopa picha na mama aliye hatarini. Mwambie wazi kwamba zinakutisha na huzitaki, maneno hayo mawili humsaidia kuelewa.

Waombe pia wapime wingi wa damu na tezi ya shingo. Damu ikipungua baada ya kujifungua huchosha mwili na moyo, na tezi ikivurugika huleta wasiwasi, kukosa usingizi na kukonda, nawe pete inakuzunguka kidoleni.

Huenda wakakuanzishia dawa. Zipo zinazotumiwa na wanaonyonyesha, kama sertralini, ambayo huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana. Waeleze tu kwamba unanyonyesha. Huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, na usiziache ghafla siku ukijisikia vizuri. Au wakaanza na maongezi ya kitaalamu, ambayo kwa picha kama zako yana njia yake mahsusi ya kukurudisha jikoni polepole, leo kisu mezani mtoto akiwa na bibi, baadaye mtoto akiwa mkekani. Usijaribu kuruka hatua peke yako.

Kama unadhani maongezi si tiba, nikusimulie kidogo. Vijijini huko Rawalpindi, Pakistan, wanawake wahudumu wa afya wa kijiji, si madaktari, walifundishwa namna ya kuzungumza na wajawazito wenye sonona, wakawa wanawatembelea nyumbani mpaka baada ya kujifungua. Akina mama 903 walishiriki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: miezi sita baada ya kujifungua, waliokuwa bado na sonona walikuwa 23 katika kila 100, na kwa wale waliotembelewa bila mafunzo hayo walikuwa 53. Watu walikaa mkekani wakaongea.

Na mzee wa kusoma? Dua haina ugomvi na hospitali, na kama kusomewa kunakutuliza moyo, ni haki yako. Ninachokuomba ni tahadhari. Akikutaka uache dawa, afukize moshi mtoto mchanga, akufungie ndani, akupige, au akwambie mtoto ndiye mwenye shida, ondoka na mwanao. Na asitangulie hospitali, maana Muheza utafika mwezi ujao na usiku wako ni huu.

Uliniuliza pia kama unyamaze ipite kama ya 2022. Nakurudishia swali, mwanangu: ile ilipita? Hukumwona sura, hukumzika, hukumpa jina, au labda ulimpa na hujamwambia mtu. Siku moja, ukiwa na nguvu, unaweza kumwomba mume wako akupeleke alipozikwa. Sikulazimishi. Nafikiri tu kwamba mlinzi wako anangoja hapo.

Huyu aliyepo amekwishaijua sauti yako ukutani. Hakugeuza kichwa kwa mtu mwingine.

Chanjo yake ya wiki ya 14 itaangukia juma lilelile unalorudi kazini. Usiisubiri hiyo ndipo uzungumze na nesi. Mume wako anapumzika Jumatano, na mama bado yupo wa kukaa na mtoto, au mwende naye akanyonye kwenye foleni. Jumatano hiyo nitakuwa nakuwaza tangu asubuhi. Ukirudi, hata kama ni saa nane usiku, niandikie.

Shangazi